Siku Saba Baikonur: Wanaanga Watatu na Njia ya Kufika Mlangoni mwa Roketi

Saa zote humu ni za Kiswahili kwa majira ya Baikonur, mji wa roketi ulioko Kazakhstan, majira ambayo mwaka 2019 yalikuwa mbele ya Dubai kwa saa moja, na mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili. Bei ni za Septemba 2019, dola moja ilipobadilishwa kwa tenge 385 hivi za Kazakhstan. Safari hii ya kundi moja la wageni imepangwa upya kutoka kwenye daftari, vipande vya tiketi na picha za simu. Pale ambapo mgeni haruhusiwi kuingia, maelezo yanafuata utaratibu wa kawaida wa Soyuz, vyombo vya Kirusi vya kupeleka watu angani, na utaratibu huo ni mgumu kubadilika kuliko hata chombo chenyewe.

Chombo kilikuwa Soyuz MS-15. Kamanda: Oleg Skripochka wa Urusi, mzoefu. Wageni wa anga wawili: Jessica Meir wa Marekani, na Hazza Al Mansoori, rubani wa ndege za kivita kutoka Falme za Kiarabu. Waarabu wawili walikwisha kuruka miaka ya 1980, lakini hakuna aliyewahi kufika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Vijana 4,022 waliomba nafasi, wakachaguliwa wawili: Hazza, na mwenzake Sultan AlNeyadi aliyebaki kikosi cha akiba. Ndiyo maana ndege ya Dubai ilijaa kanzu.

IJUMAA 20 SEPTEMBA: DUBAI – ALMATY – KYZYLORDA

Mwendo wa saa nne na nusu hadi Almaty, kusubiri usiku, kisha ndege ya ndani hadi Kyzylorda. Hakuna la kusimulia.

La kusimulia ni kibali, kwa sababu kibali hutangulia tiketi. Mji wa Baikonur uko Kazakhstan, lakini umekodishwa kwa Urusi hadi mwaka 2050 kwa dola milioni 115 kila mwaka. Mgeni haingii mjini wala kwenye uwanja wa roketi bila idhini, na idhini haiombwi getini. Inapitia kwa wakala wa utalii, wiki sita hadi nane kabla, pamoja na nakala ya pasipoti. Furushi la kuona roketi yenye watu ni maelfu ya dola. Viza ya Kazakhstan ni jambo jingine tena. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aulizie ubalozini mapema. Na roketi ikiahirishwa, kibali hakijiongezi siku. Omba siku mbili za ziada tangu mwanzo.

JUMAMOSI 21 SEPTEMBA: KYZYLORDA – TÖRETAM – MJINI

Kati ya Kyzylorda na Baikonur ni zaidi ya kilomita 200. Ziko njia mbili. Teksi ya kugawana, watu wanne, barabara nzuri, saa tatu bila kuhesabu ngamia wanaovuka wanapotaka. Au treni inayofuata reli ya zamani ya kwenda Tashkent, kituo cha kushuka kikiitwa Töretam. Kundi lilichukua treni, behewa la vitanda vya wazi, tenge elfu mbili na ushei.

Ndani ya behewa kuna tangi la maji ya moto, bure, na mhudumu hukopesha glasi yenye kishikio cha chuma. Beba majani yako ya chai. Mama mmoja mtu mzima (huko huitwa apa, kama sisi tunavyosema bibi) alifungua kitambaa chake cha chakula akakisogeza katikati ya meza bila kuuliza nani ni nani. Ndani mlikuwa na baursak, ambazo ni mahamri kabisa, ila hazina hiliki wala tui. Kukataa ilikuwa kumvunjia heshima. Kulipa, zaidi. Alichokubali ni pakiti ya tende kutoka Dubai, na hiyo aliibusu kwanza.

Töretam ndilo jina halisi la mahali. Baikonur ni jina la kijiji cha wachimba madini kilichoko kama kilomita 300 kaskazini mashariki. Wasovieti waliliazima ili kuwapoteza maadui. Mji wenyewe uliitwa Leninsk hadi mwaka 1995.

Getini kundi lilikaa saa tatu. Sababu ilikuwa herufi moja: jina la mtu mmoja limeandikwa kwa herufi za Kirusi kwenye orodha, likarudishwa kwa herufi za Kilatini likawa jingine. Wakala alikosea, askari akashika orodha yake, na hakuna hasira iliyoharakisha chochote. Aliyesaidia ni dereva wa teksi asiyehusika na kundi, aliyekuwa akisubiri abiria wake. Alitoa simu yake, akampigia anayemjua ndani, kisha akawagawia wote tikiti maji kutoka kwenye buti la gari. Wakati wa kuomba kibali, mwambie wakala akurudishie jina lako kama lilivyoandikwa kwa Kirusi, ukalisomeshe kwa mtu anayejua. Na usipige picha geti.

Ndani ya mji rubo za Urusi na tenge zote zinapokelewa. Sambusa ya nyama, nao wanaiita samsa na huioka tanurini badala ya kuikaanga, ni tenge 150 hivi. Pilau wanaiita plov. Karoti nyingi, mafuta ya kondoo, viungo vichache. Nyama ni halali kwa kawaida, lakini ujue kwamba ya farasi ni ya heshima kuliko ya ng'ombe, na haitangazwi mezani kana kwamba ni jambo geni.

JUMAPILI 22 SEPTEMBA: HOTELI YA WANAANGA

Wanaanga wenyewe hufika wiki mbili kabla na kufungiwa karantini katika hoteli yao mjini. Mafua ambayo ofisini ni siku mbili za kupiga chafya, ndani ya chombo ni hatari: bila uzito, kamasi haishuki, na sikio lililoziba wakati shinikizo la hewa linabadilika linaweza kupasuka ngoma. Kwa hiyo chakula chao kinapikwa na kupimwa, wageni wanapimwa, na mazungumzo na waandishi hufanyika kupitia kioo.

Karantini si mapumziko. Asubuhi kuna vitabu vya taratibu za chombo, kurasa kwa kurasa, kila mtu na nakala yake na alama zake za kalamu. Mchana hufungwa kwenye meza inayoinamishwa ili kichwa kiwe chini ya miguu. Damu ikipanda usoni, moyo na mishipa hujifunza mapema kile kitakachotokea uzito ukiondoka. Kuna pia kiti kinachozunguka, ambacho ni adui wa kila tumbo lililotoka kushiba.

Kikosi cha akiba hufanya yote hayo sambamba. AlNeyadi, Sergey Ryzhikov na Thomas Marshburn walikuwa na mavazi yao, viti vyao na ratiba yao. Mmoja wa kikosi cha kwanza akiugua, si lazima abadilishwe yeye peke yake. Mara nyingine kikosi kizima hupishwa.

Nyuma ya hoteli kuna njia yenye miti pande zote mbili, kila mti na kibao cha jina. Anayeruka mara ya kwanza hupanda mti. Aliyekwisha kuruka huumwagilia wake. Wa Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, ni mnene. Ya karibuni ni vijiti vilivyofungwa kamba kwenye nguzo, na mferejini mwa kila mti maji yanatiririka, kwa sababu hapo ni jangwa: kiangazi jotoridi hupita 40, majira ya baridi hushuka hadi 40 chini ya sifuri.

Jumba la makumbusho liko ndani ya uwanja, si mjini, karibu na vijumba viwili vya mbao: kimoja Gagarin alilala usiku wa kuamkia 12 Aprili 1961, kingine aliishi Korolev, mbunifu wa roketi. Humo ndimo vazi na kiti vinaweza kutazamwa kwa karibu, na vinastahili saa nzima.

Vazi linaitwa Sokol. Lina uzito wa kilo kumi hivi, na si la kutembea nje ya chombo. Kazi yake ni moja: chombo kikivuja hewa, mtu aendelee kupumua. Lilikuja kwa msiba. Juni 1971 wanaanga watatu wa Soyuz 11 walikufa wakirudi duniani, kwa sababu vali ilifunguka mapema, hewa ikaisha, nao walikuwa wamevaa nguo za kawaida tu. Tangu Soyuz 12 ya mwaka 1973 hakuna anayepanda bila Sokol.

Linavaliwa kupitia kifuani. Mtu huingiza miguu kwanza, kisha huinama na kupenyeza mikono na kichwa. Baada ya hapo hubaki mfuko mrefu wa mpira unaoning'inia tumboni, kama mdomo wa gunia. Huo hukunjwa, husokotwa, na kufungwa kwa mipira ya kunyumbulika, imara, zamu baada ya zamu. Ndiyo, kinachozuia hewa ya mwanaanga isitoke ni fundo la mpira. Kisha kitambaa cha nje hufungwa kwa zipu juu yake. Kwenye mkono kuna kioo kidogo cha kujitazamia, kwa sababu ukiwa umefungwa kitini huwezi kuinama uone kifua chako mwenyewe. Vazi limeshonwa kwa umbo la mtu aliyekaa magoti juu. Ndiyo maana kwenye picha zote wanaanga hutembea wameinama kama wazee. Si woga, ni mshono.

Kiti ni kalibu ya mwili wa mtu mmoja. Miezi kadhaa kabla, mwanaanga hulala ndani ya beseni la plasta laini hadi igande, na kalibu ya kiti hutengenezwa kwa umbo la mgongo wake. Hapo juu ya kichwa huachwa nafasi: angani uti wa mgongo hurefuka kwa sentimita kadhaa, na aliyekaa miezi sita harudi na urefu aliotoka nao. Kiti kikimbana wakati wa kutua, mgongo ndio hulipa.

Mavazi na viti hujaribiwa ndani ya chombo chenyewe mara mbili: mara tu baada ya kufika, na tena kabla chombo hakijafunikwa kwa gamba la roketi. Mara ya pili wanaangalia vitu vidogo. Kitabu kimefungwa upande gani? Mkono unafika swichi ipi? Kamanda akiwa amefungwa mikanda hafiki vibonye vya mbele, kwa hiyo anayo fimbo ya kubonyezea, na fimbo hiyo lazima iwe mahali mkono utakapoitafuta bila macho.

Mizigo binafsi katika Soyuz ni kilo moja na nusu, lakini Hazza aliruhusiwa kilo kumi: msahafu, bendera ya hariri, picha za familia, mbegu 30 za mti wa ghafu. Na chakula cha kwao: madruba, saluna na balalit. Kwa msomaji wa pwani: madruba ni wali uliopondwa hadi ukafanana na bokoboko, saluna ni mchuzi, na balalit ni tambi za sukari.

JUMATATU 23 SEPTEMBA: ROKETI INATOKA

Basi liliondoka mjini saa kumi usiku. Baridi ilikuwa kali kuliko utabiri. Septemba mchana ni fulana, alfajiri ni koti na kofia. Saa moja kamili milango ya jengo la kuunganishia ilifunguka na kichwa cha treni kikatoka polepole, kikisukuma roketi iliyolala chali juu ya behewa, mabomba ya injini yakitangulia.

Mwendo ni wa mtu anayetembea. Watu waliweka sarafu kwenye reli, kila mmoja sarafu ya kwao, zikatoka bapa kama kaki. Shilingi ishirini ya Kenya hujikunja ukingo kwa sababu ina metali mbili. Sarafu ya metali moja hutoka vizuri zaidi. Kuwa mwepesi kuiokota, askari hawasubiri.

Waliokosekana ni wanaanga wenyewe. Kuiona roketi yako ikitoka ni nuksi, kwa hiyo kikosi cha akiba huja kutazama, na kikosi cha kwanza siku hiyo hunyolewa nywele. Wenyeji hulieleza kama mila. Lakini mtu aliyeko karantini, anayetakiwa kulala kwa ratiba, ana faida gani kusimama kwenye vumbi asubuhi na mapema kati ya watu mia wanaokohoa?

Penye jukwaa behewa lenyewe huinua roketi isimame. Ilikuwa ya aina ya Soyuz-FG, karibu mita 50, na ndiyo ya mwisho ya aina yake. Haikalii kitako. Mikono minne ya chuma hufunga kiunoni na roketi huning'inia juu ya shimo la moto, kama mtu aliyeshikwa makwapa. Ikianza kujiinua, uzito wake hutoka kwenye mikono, na vyuma vya kusawazisha huiangusha mikono nyuma bila umeme wowote. Ubunifu huo ni wa miaka ya 1950.

Jukwaa lilikuwa lile la Gagarin, na safari hii ilikuwa ya mwisho ya watu kutoka hapo. Waliofuata walihamia jukwaa namba 31. Kwenye jukwaa hilo hilo la Gagarin, 26 Septemba 1983, roketi iliwaka moto kabla ya kuruka, na Vladimir Titov na Gennady Strekalov wakaokolewa na kiroketi cha dharura kilichoko kileleni, kilichokichomoa chombo chao na kukirusha pembeni. Na tarehe 11 Oktoba 2018, hata mwaka ulikuwa haujaisha, Aleksey Ovchinin na Nick Hague waliondoka hapo wakarudi chini baada ya dakika 20 hivi. Kipini cha kihisi kwenye roketi moja ya pembeni kilikuwa kimepinda kwa nyuzi zisizofika saba wakati wa kuunganisha. Roketi hiyo haikujitenga sawasawa, ikaigonga ya kati. Mwanaanga huishi mpaka siku ya kuruka akijua kwamba pini ya namna hiyo inatosha.

Wote wawili walirushwa tena Machi 2019, na siku hii walikuwa juu, wakingojea wageni.

JUMANNE 24 SEPTEMBA: TUME, PADRI NA FILAMU

Siku fupi kwa mgeni. Asubuhi padri wa Kiorthodoksi hubariki roketi kwa maji matakatifu. Upepo ukiwa mkali, waandishi hubarikiwa zaidi. Mchana Tume ya Serikali hukaa na kutamka rasmi nani anaruka, kisha wanaanga hujibu maswali nyuma ya kioo. Jioni wao hutazama filamu moja ya Kisovieti ya mwaka 1970, ile ile kwa kila kikosi, kiasi kwamba baadhi wanaijua kwa moyo.

Kwa Waislamu waliokuwa kundini swali lilikuwa la swala. Kituo cha anga huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, jua huchomoza mara 16 kwa siku. Adhuhuri ni ipi? Malaysia ililijibu mwaka 2007, mwanaanga wake Sheikh Muszaphar Shukor aliporuka kutoka Baikonur ndani ya Ramadhani: fuata saa za mahali ulikorushiwa, elekea kibla kadiri unavyoweza, ukishindwa kusimama swali kwa namna nyingine. Kwa hiyo saa ya Baikonur inakuwa saa ya swala.

Chakula cha jioni kwenye hema la kienyeji nje ya mji: nyama juu ya unga mpana uliochemshwa, na shubat, maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Aliyewahi kunywa susa kaskazini mwa Kenya hatashangaa. Wengine waanze na nusu bakuli, hasa siku ya kuamkia safari ya basi lisilo na choo.

JUMATANO 25 SEPTEMBA: SIKU YENYEWE

Kuruka kulipangwa saa 12:57 jioni. Hesabu ya siku huanzia hapo na kurudi nyuma.

Asubuhi, baada ya kuamka: enema, kwa sababu anayefungwa kitini na nepi ndani ya vazi hatapata choo kwa saa nyingi, kisha mwili mzima hufutwa kwa spiriti na nguo za ndani mpya huvaliwa. Kila mmoja husaini mlango wa chumba alicholala. Wanaketi kimya kidogo, kama Warusi wafanyavyo kabla ya safari yoyote. Halafu hushuka ngazi, nje muziki wa Kirusi wa miaka ya themanini, jamaa nyuma ya kamba, mabasi mawili: moja la wanaoruka, moja la akiba. Hapo umbali wa mita chache ndio ukaribu pekee ambao mgeni ataupata. Fika saa nzima mapema, simama upande wa dirisha la basi. Mama mmoja wa Kikazaki aliyekuwa mbele alimpisha mtoto wa Kiarabu asiyemjua, akamwinua juu ya kamba aone, na akabaki amemshika hadi basi likapotea.

Jengo la kuvalia liko uwanjani. Fundo la mpira hufungwa, glavu hufungwa kwa pete za chuma, kila mmoja hulala kwenye kiti mbele ya kioo na vazi hujazwa hewa. Geji ikishuka, kuna mahali panavuja, na fundo hufunguliwa upya. Familia ziko upande wa pili wa kioo, maikrofoni moja. Wakitoka hubeba visanduku vya kupepea hewa, kwa sababu Sokol isiyo na bomba la hewa ni sauna ya kuvaa.

Njiani basi husimama, na wanaume hushuka kukojoa kwenye gurudumu la nyuma la kulia, kwa kuwa Gagarin alifanya hivyo. Mafundi hulazimika kufungua walichofunga dakika chache zilizopita na kukifunga tena. Wanawake hawalazimiki.

Wakati huo roketi inajazwa. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya taa ya kibatari, yaliyosafishwa sana, yakichomwa kwa oksijeni kimiminika ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Oksijeni huchemka muda wote na kuongezwa muda wote. Moshi mweupe unaoonekana ubavuni si moshi, ni unyevu wa hewa unaoganda. Roketi kavu haina hatari kubwa. Iliyojaa ni zaidi ya tani 300, na wanaanga huipanda ikiwa hivyo.

Saa 10:30 alasiri hivi waliingia. Lifti, kisha tundu la ubavuni, kisha kushuka kwa miguu kwenye chumba cha kipenyo cha mita 2.2. Mpangilio hauna hiari: anatangulia wa kiti cha kushoto, anafuata wa kulia, kamanda wa katikati mwisho, maana akitangulia yeye hakuna atakayempita. Magoti kifuani kwa saa mbili na nusu. Tundu hufungwa, uvujaji hupimwa tena, mavazi hupimwa tena, na muda ukibaki chumba cha udhibiti huwapigia muziki walioomba. Juu ya paneli huning'inia kikaragosi kwa uzi. Safari hii alikuwa Suhail, mwanaanga wa kitambaa kutoka Falme za Kiarabu. Uzi ukilegea, uzito umekwisha.

Jukwaa la kutazamia liko kilomita moja unusu hivi. Hakuna anayehesabu kumi, tisa, nane. Kuna ufunguo halisi unaozungushwa kwenye chumba cha udhibiti, na amri kwa Kirusi zinazofuatana: ufunguo, kufunga matundu ya oksijeni, kuwasha. Ndani ya kila bomba la injini kumewekwa fimbo ya mti yenye umbo la T na kiberiti cha umeme nchani. Mabomba 32, makubwa 20 na madogo 12, yote huwashwa kwa vijiti hivyo.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama robo saa. Mwanga ulifika kwanza, kimya. Sauti ilikuja baada ya sekunde nne, ikaingia kwa miguu kabla ya masikio. Baada ya dakika mbili hivi roketi nne za pembeni zilijitenga, na hapo ndipo saa ya kuruka ilipojilipa. Chini giza, juu bado jua. Moshi ukatanuka kama upanga wa lulu, kisha kama kiwavi-bahari anayefumbua mikia, ukikatwa na mwanga mkali katikati. Kituo cha anga kilikuwa kikipita, na Christina Koch, mwanaanga aliyekuwa humo, akaupiga picha moshi huo huo kutokea juu.

Ushauri wa picha: usitumie video ya simu kwa dakika mbili za kwanza, utaona doa jeupe. Rekodi sauti tu, macho yatazame. Piga picha ya moshi baadaye, upo hata dakika kumi.

Baada ya dakika karibu tisa injini ya mwisho ilizimwa, na kwenye skrini Suhail akaanza kuelea. Vipande vya roketi huangukia nyikani, si baharini kama vya Waitaliano waliorushia roketi zao Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kuna timu zinazovikusanya kwa malori.

ALHAMISI 26 SEPTEMBA: KITUO CHA TÖRETAM

Treni ya kurudi ilichelewa saa mbili, kwa mara ya kwanza safari nzima bila mtu kulalamika. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na simu moja yenye intaneti ya kutosha, ya mlinzi wa kituo, naye aliiegemeza kwenye birika lake la chai ili kila mtu aone. Saa 6:42 usiku chombo kiligusa kituo cha anga, baada ya kuizunguka dunia mara nne. Tundu halifunguki mara moja; uvujaji hupimwa kwanza, tena, kama saa mbili hivi. Waliposhuka, ndani wakawa tisa, Ovchinin na Hague miongoni mwao.

Hao wawili ndio waliomrudisha Hazza duniani tarehe 3 Oktoba, kwa chombo chao, lakini akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Ile kalibu ya mgongo wake hubebwa kwa mkono kutoka Soyuz moja hadi nyingine, na mpaka ikishahamishwa, chombo cha kukimbilia ikitokea dharura ni kile alichokuja nacho.

Tiketi ya kurudi Kyzylorda: tenge zile zile elfu mbili na ushei. Maji ya moto bure.